Marhoun na Mbwa Watatu Waliokuwa Mmoja

Kaka yangu Marhoun alikuwa amesema mbele za watu, tena si mara moja, kwamba mbwa wake atamjua hata akichanganywa na mbwa mia. Basi Jumatatu ile, saa nne za asubuhi, walimchanganyia na mbwa wawili tu, na hakumjua.

Pikapu ya kampuni ya michezo ya televisheni ilisimama mbele ya nyumba yake hapa Ibra. Nyuma ina vizimba vitatu. Mahrous, mfunza mbwa, mtu wa Jalan Bani Bu Hassan, akavifungua kimoja baada ya kimoja, na wakashuka mbwa watatu wembamba, miguu mirefu, rangi ya sukari iliyoungua kidogo. Wote wamepakwa hina kutoka kucha mpaka kifuani, kama maharusi. Wakajinyoosha, wakatutazama. Na sisi tukawatazama.

"Shikamoo, mjomba," akasema Wijdan, msichana aliyetumwa na kampuni. Bibi yake ni mtu wa Unguja mjini, Kiswahili chake yeye kimebaki mifupa. "Haya, mjomba, chukua yako. Hizi mbili ingine inakwenda na Mahrous kwa shamba lake, Jalan. Lakini tafadhali, alasiri lazima sisi iko njiani."

"Wangu yupi?" akauliza kaka.

"Wewe ndiyo unajua, mjomba! Kwa karatasi zote jina moja." Akatoa vyeti vitatu vya chanjo. Vyote vimeandikwa Lahiq. Vyote dume. Vyote rangi moja.

Marhoun akavishika vyeti, akavisogeza karibu na pua, akavirudisha. Mimi nikadhani anavinusa.

Kwa wasiomjua, Marhoun ni mzaliwa wa Tabora, baba yetu alikuwa na duka huko. Tulipokuja Oman yeye alikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi nabebwa mgongoni. Miaka thelathini ameendesha basi la shule hapa Ibra, na hakuna mzazi aliyempigia simu kuuliza mtoto yuko wapi. Alimjua kila mtoto, mlango wake, hata sauti ya mama yake akigomba. Alipostaafu alikaa nyumbani wiki mbili akimfuata mkewe kila chumba, mpaka Kazija akamwambia, "Marhoun, mimi si kituo cha basi. Tafuta pa kwenda."

Akaenda Adam, sokoni kwa mifugo, kununua mbuzi wa Idi. Akarudi na mbuzi, na kitoto cha mbwa alichokikuta kimefungwa chini ya lori kwenye jua.

Kazija akasimama mlangoni. "Mbuzi nimemwona. Na hicho kingine?"

"Mbwa wa kuwinda. Mbwa wa kuwinda sharia imemruhusu."

"Utawinda nini wewe? Watoto waliochelewa basi?"

Tukacheka mpaka tukakaa chini. Lakini wifi yangu Kazija akitoa hukumu haina rufaa. Mbwa akae nyuma, chini ya tangi la maji. Bakuli lake la bati likae huko huko, lisikaribie vyombo. Na ngazi ile moja ya mlango wa jikoni asiivuke, kwa kuwa nyumba inaswaliwa na malaika hawaingii penye mbwa. Kumpiga hakumpiga hata siku moja. Alivua kandambili ya mguu wa kulia, akainyanyua, basi. Mara tatu nne, mbwa akaelewa. Marhoun akamwita Kashata, kwa rangi yake, na akamlea kwa Kiswahili: kaa, njoo, lala, toka.

Sasa huyu Kashata ndiye aliyekuja kuwa Lahiq, ambaye hakuna mtoto wa nchi hii asiyemjua.

Ilikuwa hivi. Watu wa kampuni walikuja Ibra kutafuta nyumba kongwe za udongo za kupigia picha mchezo wa Ramadhani. Nyumba hawakuzitaka, wakamtaka mbwa. Mchezo ukapigwa Nizwa, na Marhoun akaenda naye. Siku ya kwanza mbwa alitakiwa aingie mbio ndani ya nyumba amwamshe mzee, maana wadi, bonde la mto mkavu, linashusha maji na mafuriko yako nyuma yake. Kashata akaja mbio, vizuri sana, akafika kwenye ngazi ya mlango, akakaa. Wakamwekea nyama ndani. Akaitazama nyama, akalaza kichwa juu ya miguu. Mwenye kucheza mzee akaita kwa Kiarabu cha jangwani mpaka sauti ikamkauka. Wakamwambia Marhoun amwamrishe yeye. Amwamrishaje? Neno "ingia" mbwa yule hajapata kuambiwa tangu azaliwe.

Siku nzima ikapotea. Jioni mwandishi wa mchezo akachukua kalamu akageuza hadithi: kumbe Lahiq ameweka nadhiri, hatavuka kizingiti cha nyumba mpaka bwana wake aliyepotea jangwani arudi.

Ramadhani ile nchi nzima ililia. Watu wanafuturu, wanaswali, wanakaa mbele ya televisheni kumtazama mbwa amekaa mlangoni, mvua inamnyeshea, watoto wa nyumba wanamwita ndani, na yeye hatikisiki. Nizwa waliuza fulana za watoto zenye uso wake. Rafiki yangu wa Sur alinipigia simu analia, "Rahila, uaminifu ule binadamu anao?" Kazija naye aliangalia kila siku, mikono kifuani. "Wanamsifia nadhiri," akasema. "Hakuna anayeuliza kandambili ya nani."

Na sauti ya Marhoun wakaikata kila mahali, isipokuwa mahali pamoja ilipowaponyoka. Jangwani huko, zama za kale, Mbedui anamtazama mbwa wake kwa huzuni, na mtu anasikika kwa nyuma: "Kaa chini we!"

Ramadhani ya pili Lahiq alitakiwa aogelee kwenye mafuriko, aruke kuta, apigane na fisi. Kashata hayo hakuyaweza. Mahrous akaenda Adam kwa muuzaji yule yule, akaleta mbwa wawili wa uzao mmoja, na hina ikafunika tofauti iliyobaki. Kashata ana mguu mmoja wa mbele mweupe. Chini ya hina, mweupe uko wapi? Mahrous hajui Kiswahili hata salamu, lakini aliyashika maneno ya Marhoun ili mbwa wote waamrishwe sawasawa. Akashika na tusi moja.

Ramadhani ya tatu Marhoun hakwenda. Alisema mgongo unamuuma. Mbwa akachukuliwa na Mahrous, akakaa naye miezi kumi na mmoja, na mchezo ukamalizika kwa bwana wa Lahiq kurudi na Lahiq kuvuka kizingiti. Tuliangalia pamoja. Watu wote wanafuta machozi, kaka akasema peke yake, "Huyo si wangu. Wangu haingii." Akaanza kuhesabu siku za kurudishiwa.

Ndiyo maana Jumatatu ile alikuwa ameamka alfajiri, amevaa kanzu yake ya Kiomani, dishidasha mpya, na kofia aliyoshonewa na mama.

"Yalla, mjomba," akasema Wijdan.

"Ngoja kwanza." Marhoun akasogea hatua tatu, akasimama wima kama yuko darasani. "Kashata! Njoo!"

Wakaja wote watatu. Wa kwanza akamrukia kifuani, wa pili akamlamba mkono, wa tatu akakaa miguuni pake. Dishidasha mpya ikageuka hina.

"Ni huyu!" akasema, amemkumbatia yule aliyemrukia. "Ananikumbuka! Ni huyu, wallahi."

Mahrous akatikisa kichwa, akasema kwa Kiarabu, "Huyo humrukia kila mtu, Marhoun. Jana alimrukia askari wa barabarani."

"Basi huyu." Akamshika wa pili.

"Una hakika?" nikamuuliza.

"Nina hakika." Kisha akanong'ona, "Rahila, wewe unamwonaje?"

Mimi? Mimi mbwa namjua kwa mbali, na kwa mbali wote ni mbwa. Nikamwambia hivyo. Akavua kofia, akapangusa uso nayo. Mahrous ana mbwa thelathini kule Jalan, hawafungwi, wanazagaa mashambani na kwa ndugu zake. Atakayepanda pikapu ile hatapatikana tena. Kaka angebaki na mgeni chini ya tangi, na kila siku angekuwa anajiuliza.

"Tuwaoshe," Marhoun akasema kwa Kiarabu. "Hina ikitoka, mguu mweupe utaonekana."

Mahrous akacheka. "Hina hii ya wiki iliyopita. Waoshe mpaka Idi."

Tukasimama juani. Wijdan anaangalia saa, Mahrous anakunywa maji, mbwa watatu wanamtazama Marhoun, Marhoun anamtazama huyu, anamtazama yule, na kila akimtazama mmoja mwingine anakuwa ndiye. Nikamwambia, "Kaka, ngazi! Umesahau ngazi?"

Uso ukamng'aa. Tukawapeleka nyuma, kwenye mlango wa jikoni. Mlango uko wazi, ndani harufu ya pweza wa nazi inatoka. Nikasema, atakayesita ndiye, na watakaoingia ni wa Jalan. Mahrous akawaachia.

Wakaenda mbio mpaka kwenye ngazi. Wakakaa. Wote watatu, kwa mstari, vichwa juu ya miguu.

"Ah, mjomba, hii zote inajua," akasema Wijdan. "Hii ndiyo Lahiq. Watu wanapenda hii. Kama haikai mlango, siyo Lahiq."

Marhoun akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Sijapata kumwona kaka yangu hivyo tangu tumzike baba.

"Chukueni wote," akasema. "Au niachieni wote. Sijui. Mimi sijui tena."

Hapo Kazija akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akawatazama mbwa watatu mlangoni pake.

"Watatu?" akasema. "Nilikubali mmoja kwa tabu, na hawa wengine wa nani?"

"Kazija, usinipigie kelele. Simjui yupi wetu."

"Wetu?"

"Wangu. Simjui yupi wangu."

Kazija akanipa mimi mwiko. Akavua kandambili ya mguu wa kulia, akainyanyua.

Mbwa wa kushoto akaitazama kandambili, akachezesha mkia, akadhani ni kitu cha kurushiwa. Wa kulia alikuwa anautazama mkono wa Mahrous, anangoja nyama, maana wao ukaaji wao ule ulikuwa wa nyama. Wa katikati akainuka. Akainamisha masikio, akazunguka pembe ya jiko bila haraka, akaenda chini ya tangi la maji, akajikunja.

"Haya," akasema Kazija, akavaa kandambili. "Huyo ndiye. Mnasumbuka saa nzima juani, hakuna aliyeniuliza."

Mahrous akasema mashaallah. Wijdan akataka Kazija arudie ili apige picha kwa simu, Kazija akamtazama tu, msichana akarudisha simu mfukoni.

Mimi nikamfuata kaka nyuma ya jiko. Alikwenda mkono ukipapasa ukuta, hatua ndogo ndogo, na njia ile ameipita miaka ishirini. Akapiga magoti, akamgusa mbwa kichwa, masikio, uti wa mgongo, polepole, kama mtu anayesoma. Mbwa akashusha pumzi ndefu. Lile bakuli la bati lilikuwepo pale pale, limejazwa maji safi. Marhoun anaapa si yeye aliyeyatia, na mimi sikuyatia.

Kazija alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakuwa anamtazama mbwa.

"Mgongo wako haujambo?" akamuuliza mumewe.

"Haujambo."

"Najua haujambo. Haukuwahi kuuma. Mwezi wa Rajabu ulimimina chai pembeni ya kikombe ukasema meza imepinda. Wiki iliyopita ulimwamkia mwarobaini wa jirani."

"Palikuwa na vumbi."

"Una mtoto wa jicho, Marhoun, na unaona haya kwa kuwa ulikuwa dereva. Keshokutwa nakupeleka hospitali."

Nje, Mahrous aliwasha pikapu. Mbwa wawili walikuwa wameshapandishwa, vichwa vyao vinachungulia, na Wijdan alipiga honi kutuaga. Marhoun akageuza uso kuelekea kwenye sauti ile, mkono bado uko shingoni kwa Kashata.

"Yule niliyemkumbatia kwanza," akasema, "alikuwa huyu?"

"Siye," nikasema.

"Na wa pili? Niliyesema nina hakika?"

"Siye naye."

Akalisikiliza gari mpaka likakata kona. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Hiyo hospitali, wanafungua saa ngapi?"