Kitenzi cha Kuweka Hela

Mwalimu wa Kiingereza alipostaafu, mtaa mzima ulishusha pumzi. Mwenyewe ndiye husema hivyo, na hucheka kabla ya wengine. Maana alikuwa mtu wa kusahihisha mpaka vibao vya vinyozi.

Sasa asubuhi moja, binti yake aliyeko chuoni akamtumia ujumbe kwa Kiingereza: kadi yake ya kantini imeisha hela, tangu jana hajatia kitu tumboni, baba tafadhali amuongezee. Mzazi mwingine angekimbilia kutuma hela. Mwalimu alikimbilia miwani. Binti ameandika "add me money"! Lo! Akamjibu papo hapo kwamba hakuna Kiingereza cha namna hiyo, asubiri kidogo atafutiwe kitenzi kinachofaa kumwandikia karani wa kantini anayejaza kadi.

Akakitafuta kweli. "Deposit"? Hiyo ya benki, mtu na kaunta yake. "Top up"? Ya vocha, ya vijana wa vijiweni. "Load"? Kadi si lori, bwana! "Credit" ilimpendeza, ina heshima zake, ila anayefanya kazi hiyo ni mzazi au karani? Akafungua kamusi, akavuta na ya pili.

Mkewe, fundi cherehani, akachungulia mlangoni, utepe wa kupimia shingoni.

"Mwalimu, mtoto ana njaa."

"Najua, mama. Ndiyo maana sitaki kukosea."

"Haya, usikosee," akasema mkewe, akarudi kwenye cherehani yake.

Mchana barua pepe ikawa tayari, aya tatu zilizonyooka. Mwalimu akajisomea kwa sauti, akajipongeza, akaituma. Kisha akampigia binti kumpa habari njema.

"Baba, mbona nilishakula zamani? Mama aliweka hela asubuhi ile ile."

"Aliweka? Kwa kitenzi gani?"

"Kwa simu, baba."

Wakacheka wote wawili. Mwalimu alijicheka mpaka miwani ikamponyoka puani, maana kamusi mbili zimeshindwa na cherehani. Ndipo akauliza, kwa utani tu, kwa nini basi binti hakuanza na mama yake.

"Huwa naanza na mama siku zote," binti akasema. "Leo nilitaka nianze na wewe. Nikaandika Kiingereza ili ufurahi."

Roho ilimuuma Mwalimu. Akazifunga kamusi zote mbili.

"Lakini umeshiba?" akauliza.