Wifi Yangu, Mgonjwa wa Kuigiza

Wifi yangu huumwa kwa mkataba. Ni mgonjwa wa kuigiza katika chuo kikuu cha sayansi za afya, pale katikati ya mji. Asubuhi ana pumu, mchana figo zimegoma, jioni anashuka ngazi mzima wa afya na mfuko wa nyanya mkononi. Wanafunzi wa udaktari humpima na kumhoji, naye akimaliza huwaambia nani ana mikono ya baridi na nani hasikilizi. Lakini kipaji chake hasa ni kufiwa. Mwanafunzi anayejifunza kutoa habari mbaya humwambia kwamba mumewe amefariki, na wifi hulia mpaka mwanafunzi mwenyewe anatafuta leso. Kaka yangu ameuawa hivyo mara nyingi bila kujua. Wifi alinikanya nisimwambie, maana mwanamume huyo akipiga chafya tu anaanza kugawa urithi.

Mwaka huu chuo kiliandaa mkutano wa kisayansi, na pamoja na wageni likaja sanamu la plastiki. Linapumua, linakohoa, linatoa jasho, ukilibonyeza tumbo linasema, "Naumia hapo." Mkuu wa chuo alilipenda kupita kiasi. Akamwambia wifi aonyeshe kazi yake mbele ya ukumbi mzima, na ikionekana sanamu linatosha, basi mkataba hautaongezwa. Wifi hata chakula kikawa hakipandi.

Kaka naye akatia chumvi kwenye kidonda. Yeye ni fundi wa spika, na alikuwa amepata kibarua kwenye mkutano huohuo. Siku chache kabla, tukiwa ndugu wote mezani, mgeni mmoja akauliza mkewe anafanya kazi gani. Akajibu huku anatafuna, "Huyu? Analipwa kulala." Watu wakacheka. Wifi akaendelea kumpakulia na kumpigia pasi mashati, ila hakumsemesha tena.

Siku ya mkutano mimi, karani wa chuo hichohicho, nilikuwa mlangoni nikigawa beji. Sanamu lilitangulia, likakohoa vizuri sana, likapigiwa makofi. Kisha wifi akaketi jukwaani, amebanwa kipaza sauti kwenye kola. Mwanafunzi, binti mwembamba, akaketi mbele yake.

"Mama, nina habari nzito. Mumeo alipata ajali. Tulijitahidi, lakini amefariki."

Wifi alimtazama binti. Kisha akatazama nyuma ya ukumbi, ambako marehemu alikuwa amechomoza kichwa juu ya mitambo yake, mdomo wazi.

"Haya," akasema.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mkuu wa chuo akaandika kitu. Nikaona kazi ya wifi inakwenda na maji, nikamlaani kaka yangu kimoyomoyo, yeye na ulimi wake.

Yule binti maskini hakuwa amefundishwa la kufanya mjane akisema haya. Akarukia swali lililofuata. "Nyumbani kuna mtu wa kukaa nawe usiku wa leo, mama?"

"Yupo mume wangu," wifi akajibu upesi, bila kufikiri.

Mkono ukapanda mdomoni. Kilio chake cha kazini nakijua, ni cha sauti na mabega. Hiki kilikuwa kingine, kidogo, cha pua kuvuja, na hata leso hakuwa nayo. Binti akamshika mkono, akalia naye. Ukumbi mzima ukatulia.

Ndipo spika zote zikatoa sauti ya mtu anayepenga kamasi. Kaka alikuwa amesahau kuzima kipaza sauti chake.

Mkuu wa chuo akaligeukia sanamu. Sanamu likakohoa. Akakata alichokuwa ameandika, na kabla watu hawajatawanyika wifi akaambiwa mkataba unaendelea.

Tulipokuwa tukirudi nilitembea nyuma yao. Kaka alikuwa amembebea mkewe mkoba, jambo ambalo sijapata kuliona.

"Mke wangu, kazi yako ngumu."

"Eee."

"Na kesho nakufa tena?"

"Kesho ni mgongo tu," wifi akasema. "Wewe upo."