Hajji Sulaimani Alirudi Kuuliza

Cheka ukitaka, lakini haya sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwepo, na macho yangu wakati huo yalikuwa mazima.

Ilikuwa enzi ya wanajeshi. Tuliishi Jinja, ng'ambo kidogo ya Walukuba, kwenye mtaa wa nyumba za matofali zenye ua wa michongoma. Mimi ni mtu wa Bungoma. Mume wangu, Wafula, alikuwa dereva wa lori la pamba. Jirani yetu alikuwa Hajji Sulaimani, muuza sukari. Na sukari siku zile, ilivyoadimika, niamini, ilimtoa mtu roho. Maaskari walikuja mchana kweupe wakampakia kwenye buti la gari, mkewe akipiga mayowe, sisi mtaa mzima tumefunga madirisha. Baadaye mwili wake uliokotwa mtoni. Tulimzika. Chai ya matanga niliipika mimi kwa mikono hii. Kwa hiyo usiniambie labda hakufa.

Wiki haijaisha, nesi wa nyumba ya mwanzo akaanguka akianua nguo. Alipozinduka alisema Hajji amesimama uani kwake akamwuliza swali. Kesho yake ikawa zamu ya mwalimu wa nyumba iliyofuata. Yeye alifungasha vyombo akahama. Mtaa ukaharibika. Watu tuliokuwa tukiombana chumvi tukaacha hata kusalimiana, maana swali lenyewe lilikuwa limeshajulikana. Nani angemwamini nani?

Kwetu alikuja jioni, jua bado lipo. Nilikuwa nachambua mchele barazani, Wafula ananyoa ndevu mbele ya kioo alichokitundika dirishani. Kuinua macho, namwona huyo hapo. Kanzu safi, hana viatu. Miguu yake ilikuwa imekunjamana, nyeupe, kama mikono ya mtu aliyeshinda akifua. Kuku wetu wakaendelea kudonoa pale pale aliposimama, kana kwamba hapana mtu.

"Mama Nekesa," akasema, kwa sauti ile ile ya dukani, "nani alionyesha maaskari nyumba yangu?"

Akamgeukia mume wangu. Hakurudia swali, alimtazama tu.

"Mimi sikuwaonyesha, Hajji," Wafula akasema, povu bado shavuni. "Walisimamisha lori, wakaniwekea bunduki hapa. Wakauliza sukari iko wapi. Niliwaambia tu, mlango wa kijani."

"Basi nimefika," Hajji akasema.

Nikapepesa macho, hayupo. Unafikiri nilimwogopa Hajji? La. Nilimwogopa yule mwenye povu shavuni, aliyeshika jembe siku ya mazishi, akafukia kaburi akilia kuliko sisi sote.

Wafula akasema tuhamie Mbale, upande wa viwandani, kule hatujulikani. Nikamfuata; ningekwenda wapi na watoto? Jioni ya kwanza, hata magodoro hatujayafungua, naingia jikoni namkuta Hajji ameketi juu ya kigoda changu. Hakuniuliza kitu. Wafula alipokwenda sebuleni, naye akainuka akaenda sebuleni. Alipotoka nje, naye akatoka. Watoto hawakumwona, lakini walikataa katakata kuingia ndani. Kulipokucha nikawachukua, tukavuka mpaka pale Malaba, tukarudi kwetu Bungoma.

Wafula alibaki. Madereva waliopita Bungoma waliniambia alikuwa akilala ndani ya lori, hataki nyumba yoyote, na kila utingo aliyemwajiri alimkimbia. Walisema kile kiti cha pembeni kina baridi, na ukikikalia unahisi umemkalia mtu. Alikufa akiwa kwenye usukani, lori limeegeshwa, shingo imegeukia upande wa kiti hicho. Waliomzika walishindwa kuinyoosha.

Mimi sikuolewa tena. Mwanamume akinitolea salamu nzuri, moyo huniuliza amewaambia nini akina nani.

Nawe unayenisikiliza, marehemu akija uani kwako na swali, funga mdomo. Lakini tega sikio vizuri, umjue anayemjibu.