Gati Upande wa Kushoto

Saa moja asubuhi hakuna anayegonga. Kwa miaka ishirini na miwili, sisi tuliokaa ndani ya boti zetu pale bandari ya Aldsyl majira ya baridi tuliamshwa na kidole cha Douwe Wiersma: ko-ko kwenye ubavu wa boti, kisha anasubiri. Ulitakiwa ujibu, "Nipo!" Usipojibu, anagonga tena. Usipojibu mara ya tatu, anaingia. Ndiyo iliyokuwa desturi, maana hewa ya jiko la dizeli inaweza kumuua mtu usingizini kimya kimya, na barafu juu ya mbao haina urafiki na mtu. Siku hizi ikifika saa hiyo huwa niko macho tayari, nasikiliza maji.

Lakini ninayetaka kumsimulia ni mkewe, Hiltje.

Alizaliwa juu ya boti ya mizigo, binti wa mtu aliyepitisha viazi na mchanga katika mifereji ya jimbo la Friesland, akajua kufunga kamba ya boti kabla hajajua kufunga ya kiatu. Alifundisha hesabu miaka thelathini. Mfupi, mabega mapana, sauti ya mtu aliyezoea kubishana na upepo. Walipostaafu waliuza nyumba, wakahamia botini, na hakuna aliyewashangaa.

Kisha akili ya Douwe ikaanza kumtoka. Yalitangulia majina, zikafuata siku. Tulimkuta akitia glavu ndani ya birika. Mimi aliniita kwa jina la kaka yake aliyekufa, lakini kunigongea hakusahau hata siku moja. Kila asubuhi alitoka mlangoni, akafungua ndoana ya kamba ya ubavuni inayomzuia mtu asianguke, akashuka gatini kwa upande wa kushoto, akaanza zamu yake. Miguu ilikuwa inakumbuka kwa niaba yake.

Kiangazi kile tukaambiwa nguzo za Aldsyl zimeoza, bandari itafungwa baridi nzima. Hiltje alikuwa na mpaka mwisho wa Oktoba kumtafutia mumewe mahali pa salama.

Kwanza alikwenda Reidhoeke, walikokuwa wakihamia wengi wetu. Alikuja na futi ya kupimia na fimbo, akapita gati kwa gati akigonga kila nguzo kama daktari agongavyo kifua. Gerbrich, jirani yake wa miaka yote, alimfuata nyuma na kikombe cha kahawa.

"Shoga, unatafuta pa kulala au unanunua bandari nzima?"

"Nguzo hizi fupi," Hiltje akasema. "Upepo wa kusini-magharibi ukilisukuma ziwa huku, maji yatapanda, gati hili linaloelea litachomoka juu ya nguzo kama kofia. Na ngazi ya kutokea majini ni moja tu, tena imeota mwani. Mtu akianguka?"

"Akianguka tutamvuta. Mimi mwenyewe nitamvuta, kwa masikio."

"Wewe unalala mpaka saa tatu."

"Nalala kwa sababu mumeo kanigongea saa moja, nimemjibu, nimerudi kulala! Hiltje, hapa tupo sisi."

"Nyinyi si nguzo, Gerbrich."

Gerbrich akamwaga majini kahawa iliyobaki.

Katika bandari ya Westerfinne Hiltje alipata alichokitaka. Nguzo ndefu. Ukuta wa mawe uliozuia mawimbi. Ngazi kwenye kila gati, taa kila baada ya hatua kumi, bomba la maji lisiloganda. Boti nyingine zote zilikuwa zimefunikwa maturubai, wenyewe wako makwao mpaka Aprili. Msimamizi, Ruurd, alikuwa akikaa nyumba ya getini.

"Hapa pametulia, mama," alimwambia. "Hutasikia hata mtu kukohoa."

Walihamia wiki ya mwisho ya Oktoba. Hiltje aliingiza boti mwenyewe, akaigeuza hadi omo, pua ya boti, likatazama kusini-magharibi, kama alivyofundishwa na baba yake: boti ya kulala baridi ielekeze omo kwenye upepo, iupasue, usiipige tezi kwa nyuma. Ruurd akazitazama kamba, akatikisa kichwa kwa kusifu. Ila kwa kugeuka huko, gati lilibaki upande wa kulia, si kushoto kama Aldsyl; kushoto palikuwa maji matupu.

Jioni ile walikula supu nzito ya njegere na mkate mweusi. Douwe alisimama mara tatu kwenda mlangoni na kurudi.

"Gati limehama," akasema.

"Gati halihami, mzee wangu. Tumehama sisi."

"Lilikuwa pale. Nani kalihamisha?"

Hiltje akacheka. Alikuwa amechoka, na supu ilikuwa nzuri. "Kula, Douwe. Kesho utalikuta."

Akamfungia kamba ya kushikia upande wa kulia, kutoka mlangoni hadi gatini, akamzoesha kuipapasa. Wiki tatu walishuka pamoja, mkono kwa mkono, na Hiltje alitwambia kwa simu kwamba sasa yeye mwenyewe analala vizuri, kwamba hajawahi kuona bandari salama kama ile.

Asubuhi ya jalidi ya kwanza, umande ukiwa umeganda, alichelewa kuamka. Saa moja na dakika kumi. Upande wa Douwe kitandani ulikuwa bado na joto. Alitoka mbio hadi kulia, akaliona gati lote jeupe kwa jalidi, safi. Halikuwa na unyayo hata mmoja. Kwa kitambo kifupi, alinisimulia, alifurahi: basi hajatoka, yumo ndani. Ndipo akageuka.

Upande wa kushoto ndoana ilikuwa imefunguliwa. Haikukatika wala haikung'oka. Imefunguliwa kwa ustadi na kuning'inizwa mahali pake, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka ishirini na miwili alipokwenda kutugongea. Kofia yake ya sufi ilikuwa ikielea. Ngazi ilikuwa ng'ambo ya boti, upande wa gati.

Ruurd alimtoa kwa upondo. Daktari alisema maji yale hayampi mzee dakika nyingi.

Baada ya maziko tulikula keki na kunywa kahawa katika ukumbi wa kanisa. Gerbrich alikaa karibu naye, na Hiltje ndiye aliyeanza.

"Nimepima kila kitu, Gerbrich. Hata kina. Upande sikupima."

"Ungejuaje, dada?"

"Aliniambia. Alisema gati limehama." Akakizungusha kikombe. "Nami nikamcheka."

Gerbrich akamshika mkono. "Alikuwa anakuja kwetu," akasema. "Alitaka kujua kama tupo."

"Najua alikokuwa anakwenda."

Hiltje sasa yuko Reidhoeke, gati namba sita, kati ya boti ya Gerbrich na yangu. Nguzo bado ni fupi. Boti yake ameifunga tezi kwenye upepo, mawimbi yanaipiga nyuma usiku kucha, na gati liko upande wa kushoto.