Anatoli Aliyenirudisha Kwenye Gitaa

Kishanda, Muleba
Jumanne, juma la pili la Kwaresima

Kwenu wapiga gitaa wenzangu wa Kashozi, wa Bukoba mjini na wa huku Muleba. Akimaliza kusoma mmoja, ampe mwenzake.

Siamini bado kwamba Anatoli, fundi wetu wa baiskeli, hayupo. Homa ya siku nne tu. Utingo wa lori la kahawa ndiye aliyeniletea habari, na nilipofika kwake Kashozi kaburi lilikuwa limeshafukiwa, watu wamekaa migombani.

Nimechoka. Naandika polepole, mtanivumilia.

Wengi wenu mlitujua tuliporudi kutoka vita ya Bama, kule tulikopigana na Wajapani, yeye na mimi, tukipiga kwenye harusi. Kisha mke wangu Paskazia akafa, nikaweka gitaa chini. Miaka tisa sikuligusa. Sikuapa, wala hakuna aliyenikataza. Kila siku niliona nitaanza kesho.

Mwaka jana, kabla ya kuchuma kahawa, Anatoli alipanda lori akaja Kishanda na mkoba wake wa spana. Sikuwa nimemwita. Alitafuna buni za kahawa nilizompa za kumkaribisha, akauliza, "Ta Leonidas, gitaa liko wapi?"

Nikamwonyesha juu. Nilikuwa nimelitundika darini juu ya moto, pale tunapoweka mbegu za maharage ili wadudu wasizile. Kwetu kitu unachokipenda unakiweka kwenye moshi.

Akaliteremsha. Lilikuwa jeusi kama chungu, ubao una ufa, kile kijiti cha kushikia nyuzi kimebanduka.

"Waitu, ndugu yangu," akasema, "hili ulikuwa unalitunza, au unalikausha ulile?"

Nikacheka. Sikumbuki nilikuwa nimecheka lini kabla ya hapo.

Hakuligundisha siku hiyo. Alisema ubao uliokaushwa miaka tisa haurudishwi kwa saa moja. Tulilifunga kwa lubugo, ile nguo ya gome la mti, yenye unyevu kidogo, tukaliacha kivulini. Baada ya wiki mbili akarudi na gundi. Nyuzi nyembamba alizichomoa kwenye kebo ya breki.

Vidole vyangu vilikuwa vya jembe: kiganja kigumu, ncha laini kama za mtoto. Nilitaka kupiga nyimbo zote za zamani siku moja. Akaninyang'anya gitaa.

"Weka ndizi motoni. Piga mpaka chungu kichemke, halafu acha. Kesho tena."

"Na kisipochemka?"

"Basi una kuni mbichi. Usilisingizie gitaa."

Ndivyo nilivyorudi. Wale mnaoniuliza namna ya kurudi baada ya kuacha, nawapa shauri hilo hilo. Msikimbilie wimbo mzima. Bonyezeni uzi karibu na kile chuma cha shingoni, mkono hautachoka upesi. Na gitaa lisikae juu ya moto. Yote haya ni yake, mimi nayapitisha tu.

Hakuwa malaika. Alikuwa mchelewaji, na ukikosea mbele ya watu alikutazama mpaka ukakosea tena. Njiani kutoka harusi moja, amenipakia kwenye baiskeli yake, nilimwambia, "Yale macho yako siku nyingine uyaache nyumbani." Akasema, "Nikiyaacha, baiskeli utaiendesha wewe?"

Mnajua Kwaresima hakuna harusi. Ndio wakati tunapolegeza nyuzi ili shingo za magitaa zipumzike, kisha tunakutana kutengeneza na kufundishana. Mwaka huu alitulegezea nyuzi za magitaa yote isipokuwa langu, akaanza kunifundisha gitaa la kwanza, lile linaloongoza. Miaka yote mimi nilikuwa wa pili, wa kumfuata.

Sababu ni binti yake, Koku, anayeolewa baada ya Pasaka. Anatoli alisema baba hawezi kushika gitaa huku anamtoa binti yake. Lazima nishike mimi. Wimbo aliutunga mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo. Tulifika nusu.

Jana, siku ya kuondoa matanga, mjane wake Ma Yustina aliniita kando. Alikuwa amekaa kwenye majani ya matanga yaliyotandazwa chini.

"Harusi ipo," akasema. "Wakwe wamekubali, padre amekubali. Wewe je?"

"Ma, najua nusu tu."

"Alisema utasema hivyo."

"Akasema unijibu nini?"

"Hakusema. Alilala, hakuamka tena."

Nilitaka kukataa. Lakini nilijua nikikataa, nitaweka gitaa chini miaka mingine tisa, na safari hii hakuna atakayepanda lori kuja kuliulizia. Nimekubali.

Kwa hiyo nawaomba. Yeyote aliyewahi kumsikia akiupiga ule wimbo, pale kibandani kwake au nyumbani, aje Kishanda Jumamosi. Kama hawezi, anitumie neno, nitamfuata. Hata kama mnakumbuka kipande kidogo, kileteni. Tutaviunga pamoja. Sitafuti sifa. Nataka Koku atoke nyumbani kwa baba yake akisindikizwa na wimbo mzima.

Kuna mahali nitakosea. Msinitazame.

Anatoli, rafiki yangu. Sikukushukuru kwa kuja siku ile bila kuitwa, nilidhani muda upo. Asante. Pumzisha mikono, umetengeneza vya kutosha. Lala salama hapo migombani kwako. Na huko uliko, wakikuuliza ni nani wa kuombewa, unitaje na mimi.

Leonidas