Kufichwa Si Kujitegemea

Katika siku zote za ujana wangu, mwanangu, iko moja ninayoikumbuka kuliko nyingine, na si kwa sababu ilikuwa njema. Ilikuwa hapa hapa Kindu, wakati wa Wabelgiji, katika ua wa mzungu mmoja aliyekuwa akijenga maghala karibu na bandari. Mkuu wa serikali aliniuliza swali dogo mbele ya watu, nami nikatazama vidole vya miguu yangu. Kabla hujaenda kutafuta kazi, kaa nikueleze nilivyofika hapo.

Nilitoka kwetu Pangi nikiwa na nguvu, msumeno mmoja, na mke wangu Sifa mwenye mimba ya kwanza. Siku hizo mfanyakazi wa mzungu aliandikwa katika kitabu cha kazi. Sisi tulikiita buku. Mwenye buku alipata posho ya chakula, akiumia kazini alitibiwa na tajiri wake, na polisi wakimsimamisha njiani aliwaonyesha wakamwacha apite. Nilipofika pale uani kuomba kazi ya useremala, kapita, ndiye msimamizi wetu, akanivuta pembeni.

"Lutala, unisikie. Buku njo kamba ya mbuzi. Ukiandikwa, hautatoka mpaka mukataba uishe. Kaa hivi hivi, nitakulipa mukononi kila Jumamosi, na nitakuongezea kidogo. Utakuwa fundi wa kujitegemea."

Kujitegemea! Neno hilo lilinipanda kichwani kama pombe ya mchikichi. Nilitembea Kindu nzima kifua mbele, nikiwaona wenye buku kama mbuzi waliofungwa kweli.

Kulikuwa na seremala mmoja katika mtaa wa Kasuku, Mzee Rajabu, mtu wa nyumba za waungwana wa zamani, ambaye watu walimfuata kwake kutaka milango na vitanda. Nilizoea kuazima randa kwake. Siku nilipojisifu mbele yake, hakuinua macho kutoka kwenye ubao.

"Saa ya kuanza kazi, nani anaipanga?" akaniuliza.

"Kapita, Baba."

"Bei ya kazi, uliisema weye?"

"Aliisema yeye."

"Na leo ukikataa kuenda, kesho watakupokea?"

"Watanifukuza."

Akapuliza vumbi la mbao. "Basi haujitegemei, mutoto yangu. Unafichwa."

Nilirudisha randa yake na sikupita tena kwake kwa wiki nyingi. Kijana akiambiwa kweli, huiita wivu wa wazee.

Tulikuwa wanne pale uani tusioandikwa. Mmoja wao alikuwa Amisi, kijana wa Kabambare, mwepesi wa miguu, ambaye angeweza kutembea juu ya boriti nyembamba huku akiimba. Sahani ya sombe, mboga ya majani ya mihogo, tuliila pamoja kila adhuhuri. Mkaguzi wa serikali alipokuja kuhesabu wafanyakazi, kapita alipiga mluzi, nasi tukajitupa chini ya mikeka iliyofunika mifuko ya saruji. Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya pili Amisi akaninong'oneza gizani mle, "Ndugu, tumekuwa sawa na mali ya wizi." Mkeka ulikuwa umenibana pua.

Kisha ikaja asubuhi ya kupandisha mbao za paa. Kamba ilikuwa imechakaa. Tulikwisha kumwambia kapita, naye akasema itavumilia siku moja zaidi. Haikuvumilia. Boriti ilishuka pamoja na Amisi, ikamlalia mguu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye niliyekataa la mkuu, lakini guu lililovunjika lilikuwa la mwenzangu.

Ulidhani kapita alikimbilia hospitali? Alikimbilia lango. "Mumutoe inje!" akapiga kelele. "Mumulaze barabarani, upesi!" Tukambeba, mimi nikimshika mabegani. Amisi alikuwa akilitaja jina la mama yake. Tukamlaza kando ya njia kama mtu aliyeangukiwa na gogo kutoka kwenye mkokoteni, kapita akawaita wapita njia waje kumwona maskini wa Mungu. Hao ndio waliompeleka hospitali. Sisi tulirudishwa ndani, tukaendelea kupiga misumari.

Amisi alipopata fahamu alisema ukweli. Siku ya pili mkuu wa serikali akaja na karani wake, akatupanga mstari. Mzungu wetu akasema hamjui mtu huyo. Kapita akaapa kwamba hajamwona. Ndipo mkuu akafika mbele yangu.

"Wewe. Unamujua Amisi?"

Swali dogo, mwanangu. Sahani moja tulikuwa tunakula. Lakini kama ningesema namjua, ningeulizwa buku yangu mimi iko wapi, na Sifa alikuwa amebakiza mwezi mmoja tu. Nikatazama miguu yangu, nikasema, "Hapana, Bwana."

Jioni hiyo nilikwenda kwa Mzee Rajabu. Sijui nilitaka nini, labda nilitaka aniambie kwamba sikuwa na la kufanya. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka randa chini.

"Walikuficha weye siku nyingi," akasema. "Leo weye njo umemuficha mwenzako. Umejifunza kazi yao vizuri."

Nilirudi nyumbani, nikamweleza Sifa yote. Alinifungia mihogo ya kuchemsha katika jani la mgomba, akasema, "Kesho uende. Kama watakufunga, nitakuletea chakula."

Nikaenda. Nilisimama mbele ya ofisi kabla mlango haujafunguliwa. Nikamwambia mkuu: jana nilisema uongo, Amisi nilifanya naye kazi katika ua ule, mimi mwenyewe sina buku, na mahali tunapofichwa ni chini ya mikeka ya saruji, mwende mkatazame.

Walinifunga siku tatu kwa kukaa mjini bila kitabu, nikafagia soko mbele ya watu walionijua. Sifa alikuja kila siku na tumbo lake. Lakini walikwenda kutazama. Wenzetu wawili waliobaki wakaandikwa, na yule mzungu akalazimishwa kumtibu Amisi. Mguu wake haukunyooka tena. Nilipoingia hospitali kumwomba msamaha, aligeukia ukutani, halafu akasema, "Ulichelewa, Lutala. Lakini ulikuja." Baadaye alifungua kazi ya kusuka nyavu kule Alunguli, na boriti hakuzipanda tena. Hilo halikulipika.

Mimi, Mzee Rajabu alinisimamia nikapata karatasi ya fundi anayefanya kazi yake mwenyewe. Usidhani ilikuwa asali. Mlango wangu wa kwanza niliutengeneza kwa mbao mbichi. Ukapinda kabla ya mwezi kuisha. Mwenye nyumba akaurudisha, nikatengeneza mwingine kwa mbao nilizonunua mimi, na nyumbani tukala mboga bila mafuta. Nilipougua homa hakuna aliyeniletea posho. Lakini bei niliisema mimi, kazi nisiyoitaka niliikataa, na polisi waliponisimamisha nilitoa karatasi wakaniacha nipite. Na siku nilipopata paa kubwa la kuezeka na kuhitaji vijana wawili wa kunisaidia, kabla hawajashika nyundo niliwapeleka ofisini waandikwe. Walinung'unika, wakisema wanapenda kulipwa mkononi tu. Nikawajibu: kwangu hakuna mkeka.

Sasa shika hili. Kazi halali zina milango miwili. Ukiwa mtu wa kazi ya mwingine, yeye akipanga saa na bei, basi jina lako liandikwe, na ukiumia awe na wajibu juu yako. Ukiwa mwenyewe, chukua vyombo vyako, sema bei yako, patana mbele ya shahidi, na hasara ikija ibebe bila kulia. Atakayekuita upite dirishani, ufanye kazi kama mtumwa wake na ubebe hasara kama bwana, huyo hakupendi, hata akikuongezea kidogo. Mficha uchi hazai. Na ukikosea kama nilivyokosea, usingoje moyo upoe. Rudi kesho yake asubuhi ukaseme.

Mungu aitie nguvu mikono yako, mwanangu, akupe kazi unayoweza kuitaja mbele ya mtu yeyote, na wenzako wasije wakajuta kula nawe sahani moja. Nenda kwa amani.