Jina la Honorine kwenye Sahani

Lambert wa mtaa wa Mangobo alikuwa seremala, lakini waliomfahamu kwa meza na vitanda vyake walikuwa wachache kuliko waliomfahamu kwa mandolini. Ile mandolini aliiunda mwenyewe kwa mbao za sanduku la sabuni, akaifunga nyaya alizozifumua kwenye breki ya baiskeli, na ukitaka kumuudhi ungemwambia inalia kama baiskeli. Walikuwa wanne: yeye na mandolini, Émile na gita, Félicien na banjo, na Léon na chupa aliyoigonga kwa msumari. Miaka hiyo ya hamsini hapakuwa na msiba wala arusi Kisangani, ng'ambo zote mbili za mto, ambapo mtu hakuuliza kama watu wa nyuzi wameitwa.

Wimbo wao mkubwa ulikuwa na mpango wake. Kwanza Lambert aliwasalimu walio hai, mmoja mmoja kwa jina, hata yule aliyegombana naye juzi. Kisha Émile alishuka kwenye nyuzi nzito za gita, banjo ikanyamaza, na hapo yakaanza majina ya marehemu. Mpaka huo kila mtu aliujua. Gita likishashuka, jina linalotajwa ni la mtu aliyezikwa, na wenye kulia walilia.

Mwaka wa 1954 akaja mzungu mmoja kutoka Léopoldville na mashine ya kunasa nyimbo kwenye sahani za santuri. Akawapanga wanne hao ndani ya ghala karibu na bandari, mablanketi yametundikwa ukutani, joto kama jikoni. Siku hiyo Honorine, mke wa Émile, alikuwa katika wiki ya tano hospitalini kwa ugonjwa wa kifua. Kabla hawajaingia, Émile akamshika rafiki yake mkono.

"Lambert, ndeko yangu, umusalimie Honorine mu wimbo. Munganga anasema asikate tamaa. Akisikia jina yake ku disque, itamupa nguvu."

"Bon, nitamusalimia," Lambert akasema. "Sitasahau."

Aliahidi kwa moyo mweupe kabisa. Ila wimbo wao ulikula robo saa, na sahani ile ilibeba dakika tatu. Mzungu alikuwa amewaeleza hayo kwa Kifaransa cha haraka, nao wakaitikia "oui" kama watu wanavyoitikia wasipoelewa. Mashine ilipoanza, Lambert akaanza na wakubwa wa mtaa, maana huwezi kumtanguliza mke wa rafiki mbele ya wazee. Alikuwa bado nao alipomwona mzungu anazungusha kidole hewani: maliza, maliza! Émile, aliyekuwa amekikodolea macho kidole hicho, akashuka kwenye nyuzi nzito.

Lambert akashtuka. Akamtaja mama yake Félicien, akamtaja babu yake Léon, wote marehemu, na hapo akaikumbuka ahadi. Honorine bado! Akalitoa jina lake palepale, kwa sauti nzuri kuliko zote alizowahi kuzitoa, na taa nyekundu ya mashine ikazimika.

Félicien alimtazama bila kupepesa. Lambert akamwomba mzungu warudie. Mzungu akacheka, akampigapiga begani, "Très bien, très bien," akaanza kufunga masanduku yake kwa kuwa boti ilikuwa inapiga honi. Émile alilishusha gita, Lambert akalitaja jina, na hawakuwahi kuamua kosa lilikuwa la nani.

Sahani ilifika baada ya miezi saba. Honorine alikuwa ameshatoka hospitalini, amekonda lakini anatembea, amerudi sokoni kuuza kwanga, ule mkate wa muhogo uliofungwa kwa majani. Papa Kasongo, mwenye baa, alikuwa na santuri yenye spika mlangoni, akaipiga sahani ile asubuhi hadi jioni. Watu waliipenda, wakalia na glasi mkononi, watu hawa nao! Ikapanda maboti ikafika Yangambi, ikafika Barumbu. Sokoni wanawake wakaanza kuipita meza ya Honorine. Nani anunue chakula kutoka mkono wa mtu aliyekwisha kuliliwa? Kwanga zake zikachacha ndani ya majani.

Lambert alikwenda baa.

"Papa Kasongo, usipige tena ile disque. Ule mama iko muzima."

"Mi najua iko muzima, namuona kila siku. Lakini watu wanaitaka, mi nitafanya nini?"

Akatafuta mtu wa kumwandikia barua kwenda Léopoldville, kwa yule mzungu, kuomba warekodi upya. Jibu lilikuja likisema wimbo unapendwa sana, walete nyingine. Kwenye kila arusi akamsalimu Honorine wa kwanza kabisa, mbele ya wazee, ashutumiwe atakavyoshutumiwa. Watu wakapiga kelele: "Hapana! Imba kama ku disque!"

Siku moja Honorine mwenyewe alikuja karakanani, akasimama katikati ya randa na vumbi la mbao.

"Lambert, unaniona?"

"Nakuona, shemeki."

"Mi niko muzima?"

"Uko muzima."

"Alors, uwaambie."

Alikuwa ameshawaambia wote. Akainamisha kichwa kwa aibu.

Kifua kilimrudia Honorine mwaka wa 1956, na mwezi wa nane akafariki. Munganga alisema ni mapafu. Mtaa ulisema ni wimbo. Walimzika asubuhi, na mchana wale wanne wakakaa uani kwa Émile, mbele ya watu wengi kuliko wote waliowahi kuwapigia. Lambert alikuwa ameshaamua: jina lile halitatoka kinywani mwake baada ya gita kushuka. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

Akawasalimu walio hai. Gita likashuka. Akamtaja mama yake Félicien, akamtaja babu yake Léon, kisha akafunga mdomo.

Ua mzima ukaliimba. Wanawake, watoto, Papa Kasongo mlangoni, wote walilijua jina na mahali pake, wakalivuta kama yeye alivyolivuta kwenye sahani. Lambert akageuka kumtazama Émile, akaona midomo ya Émile nayo inaimba.